Ajuza Aliyekuwa Nyanya wa Wengi

Nyanya yangu, Mungu amrehemu, hakujua Kizungu. Hata hivyo, siku jirani yetu wa Mji wa Kale, Mombasa, alipotuwekea kanda ya video ya mchezo wa kuchekesha wa Kimarekani, yeye ndiye aliyeuelewa kuliko sote. Alimwona kikongwe mfupi, mwembamba, mkali kama pilipili, akiwapima vijana waliomtaka mjukuu wake, Elly May. Nyanya alicheka hata machozi yakamtoka. Kisha akaniuliza yule ajuza alikuwa na wajukuu wangapi. Sikuwa na jibu.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoyasoma maisha yake. Aliitwa Irene Ryan, mzaliwa wa mwaka 1902. Alipanda jukwaani tangu utotoni. Alipoolewa na Tim Ryan, wawili hao walizunguka mji baada ya mji wakichekesha watu, kisha wakaingia redioni. Ndoa hiyo ilivunjika mwaka 1942. Akaolewa tena, na ya pili nayo ikavunjika mwaka 1961. Hakujaliwa mtoto.

Mwaka uliofuata bahati ikamwangukia. Mchezo wa The Beverly Hillbillies ulihusu jamaa wa milimani waliopata mafuta katika ardhi yao, wakahamia kwa matajiri wa California. Irene akapewa kuwa Granny, mama mkwe wa Jed, mkubwa wa nyumba. Alikuwa hajatimiza miaka 60, na Buddy Ebsen, aliyeigiza mkwewe, alikuwa mdogo wake kwa miaka isiyofika sita. Wakamvisha nywele za mvi na miwani, akazeeka. Kwa miaka tisa alitibu watu kwa dawa zake mwenyewe, akahangaikia mume wa Elly May, na kumkemea Jethro, mwana wa binamu yake Jed, kila alipowakimbilia wasichana wa mjini. Moja ya dawa zile ilikuwa pombe kali. Sisi watoto tulijua, lakini mbele ya nyanya tulinyamaza.

Mwaka 1972, akiwa na miaka 70, alikwenda New York kuigiza katika Pippin, mchezo wa nyimbo. Hapo alikuwa nyanya wa mwana wa mfalme, lakini si wa kuchunga tena. Alimhimiza mjukuu aache kujisumbua, aonje maisha kabla hayajampita, na ukumbi mzima ukimwitikia. Machi 1973 aliugua akiwa bado katika kazi hiyo, na tarehe 26 Aprili akafariki.

Lakini mwaka 1972 alikuwa ameshatoa mali yake kuanzisha tuzo za kuwasomesha wanafunzi wa uigizaji vyuoni. Kwa zaidi ya miaka 50 zimewafaa vijana asiopata kuwaona.

Laiti ningalijua haya siku ile, ningalimjibu nyanya yangu kwamba wajukuu wa damu hakuwa na hata mmoja, na wale aliowaachia riziki hawana hesabu.