Habari za Mchungaji Ernst Johanssen

Tukiwakumbuka waliotutangulia, yatupasa sisi watu wa Mtae kumtaja Mchungaji Ernst Johanssen, kwa kuwa kazi yake ilianza karibu nasi, huko Mlalo. Alizaliwa mwaka 1864. Hata mwaka 1891 akafika Usambara pamoja na mwenziwe Paul Wohlrab, wakajenga misheni ya Mlalo.

Siku zile wazee wetu waliwatambikia wahenga wao, na nguvu za mvua walizihesabu kuwa za Simba Mwene wa Vugha. Walakini jina la Mulungu walikuwa nalo. Basi, je, mjumbe wa Injili ayavunje yote ya kale, au atafute kwanza lililo kweli ndani yake?

Mwaka 1907 Johanssen alikwenda Rwanda. Mapadre wa Kikatoliki, waliofika huko mwaka 1900, walitumia neno la Kiswahili, Mungu. Yeye akashika Imana, jina walilokuwa nalo wenyeji tangu kale. Jambo hili si dogo. Maana mtu akihubiriwa kwa jina geni, aweza kudhani ya kuwa huyo ni Mungu wa wageni tu.

Tena wenyeji walikuwa na ibada ya siri ya Ryangombe, mwindaji aliyeuawa na nyati. Walioingizwa humo walitumaini kukaa naye kwa raha baada ya kufa. Mwaka 1925 Johanssen alitoa kitabu, akiilinganisha ibada hiyo na ile ya Mithra, aliyeabudiwa na askari wengi wa Rumi, naye huchorwa akimchinja fahali.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Wakristo wa kwanza: walikaa kati ya watu wenye siri za namna hiyo. Yustino Mfiadini, katika karne ya 2, alifundisha kwamba mkate na maji ya wafuasi wa Mithra ni mwigo wa mashetani. Lakini yeye yuyo huyo alikiri kwamba mbegu za Neno zilikuwamo hata kwa wenye hekima wa Wayunani.

Johanssen alifariki mwaka 1934. Enyi walimu, watoto wakiwauliza habari za Mbegha au za matambiko, msiwanyamazishe. Wasimulieni kwa haki yale waliyoyashika babu zetu, ndipo muwaonyeshe Kristo, wapate kupambanua wenyewe.