Mfalme Faisal: mjumbe wa miaka 13

Faisal bin Abdulaziz, aliyezaliwa Riyadh mwaka 1906, alikuwa na umri wa miaka 13 tu alipotumwa London kumwakilisha baba yake mbele ya serikali ya Uingereza.

Mwaka 1930 akawa waziri wa mambo ya nje, wadhifa aliodumu nao, ukiondoa kipindi kifupi, hadi kifo chake.

Shughuli hizo ziliendeshwa zaidi Jeddah, mji wa bandari na mahujaji. Balozi za kigeni hazikuhamia Riyadh hadi miaka ya 1980.

Alitawazwa mfalme mwaka 1964, lakini siasa za nje zilibaki mikononi mwa nyumba moja. Yeye aliyeaminiwa angali mtoto hakuwaruhusu vijana wa nchi yake kuunda hata chama cha siasa.

Oktoba 1973 alipozuia mafuta yasiuzwe Marekani, raia wake hawakuulizwa. Wala hawakuulizwa wakazi wa Nairobi na Dar es Salaam, walioonja ukali wa bei zilizofuata.

Hata hivyo, hakuogopa elimu. Pamoja na mkewe, Iffat, alianzisha shule ya wasichana ya Dar al-Hanan, Jeddah, mwaka 1955.

Televisheni aliyoiruhusu ilizusha upinzani, na mpwa wake mmoja akauawa na polisi mwaka 1965.

Machi 25, 1975, ndugu wa marehemu huyo alimpiga Faisal risasi mjini Riyadh.

Mwaka huohuo mwanawe, Saud, aliteuliwa waziri wa mambo ya nje, akabaki hapo hadi 2015.