Thelonious Monk: Gwiji wa piano aliyenyimwa kibali cha kupiga piano mjini mwake

MWAKA 1983, mwaka mmoja baada ya Thelonious Monk kuaga dunia, kampuni changa ya santuri nchini Marekani, Mosaic, ilitoa bidhaa yake ya kwanza kabisa. Lilikuwa sanduku la santuri nne zilizokusanya rekodi ambazo mpiga piano huyo alifanyia kampuni ya Blue Note akiwa kiongozi wa bendi, kati ya 1947 na 1952. Humo mlikuwemo na vipande vilivyokuwa vimelala ghalani miaka thelathini na ushei bila umma kuvisikia. Mnamo 1986 likafuata sanduku kubwa zaidi, la rekodi zake zote za kampuni ya Riverside, ambalo hatimaye lilitunukiwa tuzo ya Grammy.

Masanduku ya aina hii huwafaa zaidi wakusanyaji wenye fedha za ziada. Haya mawili yana uzito wa namna nyingine. Kwa miaka sita katika kilele cha ubunifu wake, Monk alikatazwa na polisi wa New York kufanya kazi katika vilabu vya jiji hilo. Sehemu kubwa ya tunachojua juu ya muziki wake wa miaka hiyo ni kile alichokiacha studioni.

Monk alizaliwa Oktoba 10, 1917 katika mji wa Rocky Mount, jimbo la North Carolina, kusini mwa Marekani, ambako sheria za ubaguzi wa rangi zilitawala kila kitu, kuanzia shule hadi makaburi. Mwaka 1922 mamake, Barbara, aliwachukua watoto wake watatu na kuhamia New York. Walipata makao San Juan Hill, mtaa wa watu weusi upande wa magharibi wa Manhattan, na ni hapo Monk aliishi sehemu kubwa ya maisha yake. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na saba hivi, aliacha shule na kuzunguka nchi na mhubiri wa kike aliyeombea wagonjwa, kazi yake ikiwa kupiga piano mikutanoni. Wanaosikiliza kwa makini husikia mwangwi wa nyimbo za kanisa katika muziki wake hadi mwisho.

Aliporejea New York aliajiriwa katika kilabu cha Minton's, mtaani Harlem, mwanzoni mwa miaka ya 1940. Hapo, baada ya saa za kazi, vijana kama Dizzy Gillespie, Charlie Parker na mpiga ngoma Kenny Clarke walikutana kujaribu mambo mapya. Kutokana na majaribio hayo kulizaliwa mtindo wa bebop. Gillespie na Parker walipata umaarufu upesi. Monk, ambaye wengi wa vijana hao walimwendea kujifunza mpangilio wa sauti, alibaki gizani.

Alikuwa ametimiza umri wa miaka 30 siku tano tu zilizopita alipoingia studioni Oktoba 15, 1947 kurekodi kwa mara ya kwanza akiwa kiongozi. Alfred Lion, Mjerumani aliyehamia Marekani na kuanzisha Blue Note, alimwamini kiasi cha kumrejesha studioni mara mbili zaidi kabla ya mwezi wa Novemba kwisha. Mkewe Lion, Lorraine, alihangaika akiyabeba masanduku ya santuri hizo kwa wenye maduka, na wengi walimfukuza. Wachambuzi nao walidai Monk hajui kupiga piano.

Walichokisikia wakakiita kosa ni hiki: Monk alibonyeza pamoja vibonye vinavyopakana, sauti zikagongana. Aliacha kimya mahali ambapo wengine wangejaza nota ishirini. Vidole vyake alivinyoosha badala ya kuvikunja kama walimu wanavyofundisha. Ilhali kila nota ilikuwa imepimwa. Ndiyo raha ya kuwa na rekodi zote sandukuni, kwa kuwa msikilizaji hupata nafasi ya kulinganisha jaribio moja la wimbo na jingine na kugundua kuwa lililodhaniwa kuteleza kwa mkono linarudiwa, mahali pale pale, kwa makusudi.

Agosti 1951 mambo yaliharibika. Polisi waliokuwa wakisaka dawa za kulevya walipekua gari ambamo Monk alikuwa ameketi na rafikiye, mpiga piano Bud Powell, wakapata heroini. Monk alikataa kumtaja mtu yeyote. Alifungwa siku sitini katika gereza la Rikers, kisha akapokonywa kadi ya kufanyia kazi vilabuni.

Kadi hiyo inastahili kuelezwa. Tangu 1940, kila aliyefanya kazi katika kilabu cha New York kinachouza pombe, awe mwanamuziki au mpishi, alilazimika kupigwa alama za vidole na kubeba kadi iliyotolewa na polisi. Polisi hao hao ndio waliokuwa na uwezo wa kuinyang'anya. Mwimbaji Billie Holiday aliipoteza yake mwaka 1947. Kwa Wakenya ambao babu zao walivishwa kipande shingoni enzi za ukoloni, mantiki ya utaratibu huo haihitaji maelezo marefu. Ulifutwa mwaka 1967.

Monk alikuwa na mke na mtoto mchanga, na wa pili alizaliwa 1953. Nellie, mkewe, ndiye aliyeikimu nyumba, mara nyingi kwa kushona nguo. Asingevumilia mama huyu, huenda pasingekuwa na cha kukusanya sandukuni. Monk alikaa kwenye piano yake nyumbani akitunga, na mara chache akaalikwa studioni. Kampuni ya Prestige, iliyomchukua baada ya Blue Note, ilimwona hana faida hivi kwamba mwaka 1955 Riverside ilimpata kwa kulipa deni lake la dola 108 na ushei.

Oktoba 1956 alifika studioni na wimbo unaoitwa Brilliant Corners. Ulikuwa mgumu kiasi cha kuwashinda wapigaji waliokuwa miongoni mwa bora duniani, akiwemo Sonny Rollins kwenye saksafoni na Max Roach kwenye ngoma. Walijaribu takriban mara 25 bila kuufikisha mwisho sawasawa. Mtayarishaji Orrin Keepnews alilazimika kukata utepe na kuunganisha vipande. Albamu hiyo ndiyo iliyowageuza wachambuzi.

Mwaka 1957 alirudishiwa kadi. Katika kilabu kidogo cha Five Spot, akiwa na John Coltrane kwenye saksafoni, alijaza watu usiku baada ya usiku kwa miezi kadhaa. Furaha hiyo ilikatizwa Oktoba 1958, polisi wa jimbo la Delaware walipomkamata katika hoteli ya barabarani na kumpiga mikononi. Kwa mpiga piano, hakuna pigo baya zaidi ya hilo. Kadi ikachukuliwa tena hadi 1960.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi: mkataba na kampuni kubwa ya Columbia mwaka 1962, ziara za Ulaya na Japani, picha yake kwenye jalada la jarida la Time Februari 1964. Umaarufu ulifika alipokuwa amekwisha kutunga sehemu kubwa ya nyimbo zake, na muziki wa miaka hiyo, japo mtamu, hurudia mengi ya zamani.

Maradhi ya akili yalimzidi katika miaka ya 1970. Baada ya 1976 hakupiga tena hadharani. Aliishi Weehawken, New Jersey, nyumbani kwa rafiki wa familia, Pannonica de Koenigswarter, ambako palikuwa na piano aliyoigusa kwa nadra mno. Alifariki Februari 17, 1982 kutokana na kiharusi.

Mwaka 2005, katika maktaba ya Bunge la Marekani, uligunduliwa utepe wa onyesho lake na Coltrane katika ukumbi wa Carnegie Hall, Novemba 29, 1957, uliorekodiwa na redio ya Sauti ya Amerika. Masanduku yote mawili yalikuwa yametoka bila muziki huo.