John Charnley: Tabibu Aliyeusikiliza Mlio wa Nyonga

Wahenga walinena kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii inamwafiki John Charnley, tabibu Mwingereza ambaye jina lake ni nadra kusikika katika makongamano yetu ya Kiswahili, ilhali matunda ya kazi yake yamo miilini mwa watu wengi. Abiria anayetoka katikati ya jiji la Nairobi kwa matatu kuelekea Westlands na Kangemi huisikia gari ikilia kila inapoingia shimoni. Hata utingo asiye fundi hutambua kuwa bushi zimelika. Charnley aliusikia mlio wa namna hiyo, ila ulitoka ndani ya mwili wa binadamu.

Alizaliwa tarehe 29 Agosti 1911 mjini Bury, kaskazini mwa Uingereza, mwana wa mfamasia na muuguzi. Alihitimu udaktari Manchester mwaka wa 1935. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilimleta barani Afrika, nchini Misri, ambako alishirikiana na mafundi wa jeshi kuunda vifaa vya kushikilia viungo vilivyovunjika. Tangu hapo upasuaji na ufundi wa karakana havikutengana maishani mwake.

Ikumbukwe kwamba kiungo cha nyonga ni tufe linalozunguka ndani ya kikombe cha mfupa. Gegedu linapolika, mfupa husugua mfupa, na kila hatua huwa adhabu. Mwaka wa 1946, ndugu wawili wa Paris, Jean na Robert Judet, walianza kuwawekea wagonjwa tufe la plastiki ngumu. Mmoja wa wagonjwa waliotiwa tufe la aina hiyo alimfikia Charnley. Kila alipoinama mezani, nyonga yake ililia hata mkewe akawa anatoka chumbani. Wengine wangeuchukulia mlio huo kuwa kero tu. Charnley aliuona kuwa ushahidi: palikuwa na msuguano mwingi, na msuguano huo ungekilegeza kifaa.

Aliazimia kuupunguza msuguano. Katika hospitali ya Wrightington, mwishoni mwa miaka ya 1950, alitumia Tefloni, ile inayopakwa katika vikaango ili chakula kisigande. Aliunda kikombe cha Tefloni na tufe dogo la chuma, akavishikiza mfupani kwa saruji maalumu. Wagonjwa waliokuwa wakichechemea walitembea bila maumivu. Sifa zikavuma.

Furaha hiyo haikudumu. Katika kipindi cha miaka michache Tefloni ilianza kulika, na chembechembe zake zikaudhuru mwili. Wagonjwa wapatao 300 walikuwa wamewekewa vikombe hivyo. Hapa ndipo utu wa Charnley ulipopimwa. Hakuificha aibu yake wala hakuwatupia wengine mzigo. Aliwapasua tena wagonjwa hao kwa mkono wake mwenyewe, akiyatazama makosa yake mmoja baada ya mwingine. Mficha maradhi kifo humuumbua, naye alichagua kuyafichua.

Mwaka wa 1962 fundi wake, Harry Craven, aliletewa plastiki nyingine, polithini ya aina nzito, iliyokuwa ikitumiwa katika mitambo ya kufuma nguo. Charnley aliidharau. Alipokuwa safarini, Craven aliijaribu katika mashine aliyoiunda, na baada ya wiki tatu ilikuwa haijalika kiasi ambacho Tefloni ililika kwa siku moja. Bwana mkubwa aliporejea, aliyakubali matokeo ya fundi wake. Hata hivyo, kabla ya kuyakabidhi maisha ya wengine kwa plastiki hiyo, alijitia vipande vya Tefloni na vya polithini katika paja lake. Tefloni ilizusha uvimbe; polithini haikumdhuru. Mnamo Novemba 1962 alianza kuitumia kwa wagonjwa. Alitunukiwa hadhi ya Sir mwaka wa 1977, akaaga dunia tarehe 5 Agosti 1982.

Hadithi ya mlio haikuishia hapo. Tangu mwaka wa 1970, Mfaransa Pierre Boutin alipotumia tufe na kikombe vya kauri, nyenzo hiyo imesifiwa kwa kulika kidogo mno. Walakini baadhi ya nyonga za kauri hulia mwenyewe anapotembea au kuinama, hasa kikombe kikikaa vibaya hata tufe likasugua ukingo, au ute wa kulainisha unapopungua. Nyonga bandia huwekwa leo hapa Nairobi, ikiwemo katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na daktari anayezipokea lalama za wagonjwa wake angali anarithi sikio la Charnley.

Sisi wanafunzi wa lugha tuna la kujifunza hapa. Charnley alimsikiliza mgonjwa, akamsikiliza fundi, na lililo gumu zaidi, akayasikiliza makosa yake. Msomi asiyeweza hilo la tatu, elimu yake italika kama Tefloni.