DR. AGGREY: ELIMU YA KICHWA, MKONO NA MOYO

Ndugu wanafunzi wa zamani na wa sasa, tukutanapo kila mara huulizana nani amefika wapi na ana cheo gani. Ni vema pia tuulizane shule ilitujenga tuwe watu wa namna gani. Maisha ya marehemu Dr. James Emman Kwegyir Aggrey yanatupa kipimo.

Aggrey alizaliwa mwaka 1875 Anomabo, katika nchi iliyoitwa Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana. Alisoma shule ya misheni mjini Cape Coast, akawa mwalimu angali kijana, tena akasaidia kazi ya kutafsiri Biblia kwa Kifante, lugha ya kwao. Mwaka 1898 alikwenda Marekani kusoma katika Chuo cha Livingstone, North Carolina. Alihitimu mwaka 1902 kwa sifa kubwa, akabaki kufundisha hapo kwa miaka mingi.

Msomi huyu wa Kigiriki na Kilatini hakujitenga na wanakijiji. Alikuwa pia mchungaji wa makanisa madogo ya shamba, na huko aliwakuta wakulima weusi wamebanwa na madeni. Aliwafundisha ukulima bora, akawasaidia kuunda chama cha kuweka na kukopa. Hivyo elimu ya mtu mmoja ikawa faida ya wengi.

Mwaka 1920 aliingia katika Tume ya Phelps-Stokes iliyochunguza elimu ya Waafrika, akiwa Mwafrika pekee ndani yake. Mwaka 1924 tume hiyo ilipita Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Vijana wengi waliomsikia walipata moyo kuona Mwafrika msomi akisema hadharani bila woga. Hata leo Kariakoo, Dar es Salaam, upo Mtaa wa Aggrey.

Wapo waliomlaumu kwamba alihubiri mno upatano wa weusi na weupe wakati ubaguzi ulikuwa umeshamiri. Lawama hiyo ina uzito wake. Lakini yeye mwenyewe alionja ubaguzi huo katika safari zake, na haukumfanya aone haya kuwa Mwafrika.

Alirudi kwao kusaidia kuanzisha Chuo cha Achimota, kilichofunguliwa rasmi Januari 1927. Alishikilia kwamba wasichana wasome kama wavulana. Julai mwaka huo huo alifariki mjini New York, akiwa bado anaandika tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Columbia. Alikuwa na umri wa miaka 51, na bado mwanafunzi.

Basi tujipime: je, tunaendelea kujifunza? Mikono yetu yajua kazi? Lugha ya nyumbani tunaiheshimu? Na jirani asiyesoma, amefaidi nini kwa sisi kusoma? Mwenye kujibu vizuri maswali hayo, shule yake haikupotea bure.