John McCarthy: Aliyeiachia lugha mlango wazi

WENGI humkumbuka John McCarthy kwa jina aliloupa utafiti mpya mwaka 1955: akili bandia. Lakini waandishi wa programu za kompyuta wana deni jingine kwake, nalo ni lugha iitwayo Lisp.

McCarthy alizaliwa Septemba 4, 1927 mjini Boston, Marekani. Baba yake alihamia huko kutoka Ireland, mama kutoka Lithuania. Katika miaka ya dhiki ya uchumi familia ilihamahama hadi ikatua Los Angeles. Akiwa kijana alijifundisha mwenyewe hesabu za chuo kikuu kwa vitabu vya Caltech, na alipoingia chuoni hapo akaruka miaka miwili ya somo hilo. Mwaka 1951 alipata shahada ya udaktari Princeton.

Alianza kubuni Lisp mwaka 1958, akiwa MIT. Wakati huo ilikuwepo Fortran, iliyotolewa na IBM mwaka 1957. Aina za amri zake zilipangwa na walioitengeneza. Aliyetaka aina mpya aliwasubiri wao.

Katika Lisp mambo ni tofauti. Orodha ya magunia ya mfanyabiashara ni orodha, na amri ya kuyajumlisha nayo huandikwa kama orodha. Kwa kuwa mzigo na amri vina umbo moja, programu inaweza kuichukua programu nyingine, kuifungua na kuipanga upya. Katika makala yake ya mwaka 1960, McCarthy alionyesha kanuni ya kuitekeleza Lisp kwa Lisp yenyewe. Aliiona kuwa nadharia tu. Steve Russell, aliyefanya naye kazi, akaiingiza katika kompyuta ya IBM 704, ikafanya kazi.

Mwaka 1963 Timothy Hart alipendekeza makro. Tuseme lugha inajua "kama" lakini haijui "isipokuwa". Mwandishi anatunga makro fupi, na kila penye "isipokuwa deni limelipwa, zuia mzigo" pageuzwe kuwa "kama deni halijalipwa, zuia mzigo". Tangu hapo lugha ina neno jipya, na hakuna aliyeombwa ruhusa.

Uhuru huo ulikuwa na gharama. Kila maabara iliongeza yake, zikatokea Maclisp, Interlisp na nyinginezo, hata programu ya huku ikakwama kule. Sisi tuliosomea ukimbizini hilo tunalijua. Nilirudi na Kiswahili cha Tanzania, na katika soko la mpakani nikajifunza upya majina ya vitu nilivyodhani navijua.

Kuanzia mwaka 1981 wataalamu walikaa kupatanisha lahaja hizo, ikazaliwa Common Lisp, iliyopata kiwango rasmi nchini Marekani mwaka 1994. Makro hazikufutwa. Walikubaliana msingi, mlango wakauacha wazi.

McCarthy alihamia Stanford mwaka 1962, akapewa Tuzo ya Turing mwaka 1971, na akafariki dunia Oktoba 24, 2011 akiwa na miaka 84. Python, Ruby na JavaScript zimerithi mengi kutoka Lisp. Katika Ruby, mwandishi anaweza kuiongezea hata namba ya kawaida uwezo mpya wakati programu inaendelea.

Vijana ninaowafundisha huwaambia wasiogope lugha ikikosa neno. Walitunge, ila kwanza wajiulize kama jirani atalielewa.