Jacques Tati na ofisi ya kioo

Sisi tunaosoma lugha tumezoea kutafuta maana ndani ya maneno. Hapa nataka kuandika juu ya mtu aliyeitafuta mahali ambapo maneno yamechoka: katika mlio wa viatu, katika pumzi ya kiti, katika ukimya wa mtu anayengoja. Mtu huyo ni Jacques Tati, mchekeshaji na mtengenezaji wa filamu wa Ufaransa. Filamu yake Playtime, iliyotoka mwaka wa 1967, inaonyesha maisha ya ofisi jinsi yanavyochosha, na bado mtazamaji anacheka. Kwa ajili ya filamu hiyo alipoteza mali yake, nyumba yake na haki za kazi zake. Nitasimulia maisha yake ili tuelewe alikuwa anatetea nini hata akakubali hasara ya namna hiyo.

Tati alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1907 huko Le Pecq, karibu na Paris. Jina lake kamili lilikuwa Jacques Tatischeff. Babu yake mzaa baba alikuwa afisa wa jeshi la Urusi aliyetumikia ubalozi wa nchi yake huko Paris. Babu yake mzaa mama, Van Hoof, alikuwa Mholanzi mwenye biashara ya kutengeneza fremu za picha. Familia ilitaka kijana arithi biashara hiyo. Shuleni hakung'aa, akaacha masomo mapema, akawekwa kujifunza kazi ya fremu. Naona jambo hilo si dogo. Mtu aliyefundishwa kupima mbao na pembe za picha ndiye baadaye alijaza kila pembe ya picha zake kwa vitu vya kutazama.

Baada ya utumishi wa jeshi katika kikosi cha wapanda farasi, alitumwa London kuendelea na kazi ile ile. Huko alikutana na mchezo wa ragbi. Aliporudi Paris alijiunga na timu ya Racing Club, na hapo kipaji chake kikaonekana. Baada ya mechi aliwaigiza wachezaji wenzake, golikipa wa kandanda, mcheza tenisi, bondia, hata farasi pamoja na mpanda wake, bila kusema lolote, kwa mwili peke yake. Wenzake walicheka sana. Katika miaka ya 1930 aliiacha biashara ya familia, akapanda jukwaani. Mwaka 1936 mwandishi mashuhuri Colette alimsifu gazetini, na jina lake likaanza kuenea.

Filamu yake ndefu ya kwanza, Jour de fête, ilipigwa mwaka 1947 katika kijiji cha Sainte-Sévère, mahali alipokuwa amejificha wakati wa vita, ikatoka mwaka 1949. Inamhusu mpeleka barua anayetaka kufanya kazi kwa haraka kama Wamarekani. Mwaka 1953 ikafuata Les Vacances de monsieur Hulot. Humo alizaliwa mhusika atakayebaki naye: bwana Hulot, mtu mrefu, mwenye kofia, kiko mdomoni, mwavuli mkononi na suruali fupi, anayetembea ameinama mbele kana kwamba upepo unamsukuma. Hulot ana adabu, hasemi sana, na popote anapoingia mpango unaharibika. Mwaka 1958 alitoa Mon oncle, iliyopata tuzo ya pekee ya majaji huko Cannes, kisha Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni.

Mtu mwingine angefurahia sifa hiyo na kurudia Hulot mara kumi. Tati hakufanya hivyo. Aliona Ufaransa inabadilika: nje ya Paris majengo marefu ya vyuma na vioo yalikuwa yanapanda mtaa wa La Défense, na watu walikuwa wanahamia ndani yake kufanya kazi mbele ya simu na makabati ya mafaili. Aliamua kutengeneza filamu juu ya majengo hayo. Kwa kuwa hakuweza kufunga ofisi za kweli kwa miezi mingi, alijenga mji wake mwenyewe upande wa mashariki wa Paris. Watu wakauita Tativille. Ulikuwa na barabara zake, taa zake na kituo chake cha umeme. Baadhi ya majengo yaliweza kusogezwa, na kwa mbali aliweka picha za watu zilizokatwa kwa kimo cha mtu, zisimame kama wafanyakazi. Kazi ya kupiga picha ilianza mwaka 1964 ikachukua karibu miaka mitatu.

Sasa niizungumzie filamu yenyewe. Hulot anakuja mjini kumwona bwana mmoja mwenye cheo, Giffard, kwa shughuli ambayo hatuambiwi ni ipi. Bawabu mzee anapambana na mashine yenye vitufe na taa nyingi ili amwite Giffard. Kisha Giffard anatokea mwisho wa ushoroba mrefu. Tunamwona mbali kabisa, tunasikia viatu vyake, ko, ko, ko. Hulot anasimama kumpokea. Bawabu anamwonyesha kwa mkono akae, bado. Viatu vinaendelea. Tati haikati picha. Anatuachia muda wote wa kutembea ule, na hapo ndipo kichekesho kilipo. Kila mtu aliyewahi kungoja karatasi kutiwa sahihi anaujua muda huo. Nilipoiona sehemu hiyo nilikumbuka benchi za ofisi nilizokalia mimi, ingawa ushoroba wetu hauna vioo na sakafu yake haing'ai.

Hulot anawekwa katika chumba cha kungojea chenye kuta za kioo. Viti vyeusi vinatoa pumzi ukivikalia, na ukisimama vinarudi katika umbo lao kama vile hukukaa kamwe. Mgeni mwingine anaingia, anajipangusa, anapanga karatasi zake, anatia sahihi, kila tendo kwa mlio wake. Hakuna neno linalosemwa. Kwangu hili ni somo la lugha: Tati alirekodi sauti baadaye, moja moja, akachagua ipi isikike na ipi inyamaze. Watu wa filamu hii wanaongea Kifaransa, Kiingereza, Kijerumani, lakini mazungumzo yao yanabaki kama mvumo. Kinachosema wazi ni viatu, milango na viti.

Kisha Hulot anapanda juu na kutazama chini. Anaona ukumbi uliojaa vibanda vya mraba, kila mfanyakazi ndani ya chake. Mmoja anapiga simu kumwuliza Giffard hesabu fulani. Giffard anatoka, anatembea hadi kwenye mafaili yaliyo ukutani mwa kibanda cha yule yule anayeuliza, anasoma, anarudi kwake, anajibu kwa simu. Watu wawili wametenganishwa na ukuta mwembamba, nao hawajui. Sijaona maelezo mafupi kuliko hayo ya uchovu wa ofisi.

Hata hivyo Tati hamdharau karani. Hakuna mtu mwovu katika Playtime, wala bosi mkali. Anayechekwa ni mstari ulionyooka: jengo linalowaamuru watu wageuke pembe mraba. Ndiyo maana Hulot na Giffard, waliotafutana siku nzima ndani ya vioo wakidanganywa na vivuli vyao, wanakutana jioni barabarani kwa bahati tu, Giffard akiwa na plasta puani baada ya kugonga mlango wa kioo. Shughuli inakwisha wakiwa wamesimama kama majirani.

Usiku unatupeleka katika mkahawa mpya unaofunguliwa kabla haujakamilika. Vigae vinang'oka, mlango wa kioo unavunjika, bawabu anabaki na kishikio mkononi akiendelea kuwafungulia watu mlango usiokuwapo. Dari inaanguka, na hapo ndipo watu wanaanza kufurahi. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hulot ni mgeni wa namna hiyo: anavunja, na wenyeji wanapona. Asubuhi rangi zimeongezeka, na magari yanazunguka barabarani kama bembea ya watoto.

Filamu ilitoka Desemba 1967. Ilikuwa ndefu, na ilipigwa kwa filamu pana ya milimita 70. Haikuonyesha nyuso kwa karibu, na Hulot alipotea mara nyingi kati ya watu, hata wengine waliofanana naye wakapita wakidhaniwa ni yeye. Watazamaji waliomtaka Hulot mbele hawakumpata. Tati aliipunguza, lakini deni lilikuwa kubwa mno. Alikuwa ameweka rehani nyumba yake, nayo ikaenda. Haki za filamu zake zikachukuliwa, na kwa miaka kadhaa hazikuonyeshwa. Tativille, aliyotamani ibaki kuwa mahali pa kazi kwa vijana wa sinema, ikabomolewa.

Baadaye alitengeneza Trafic mwaka 1971 na Parade mwaka 1974, kwa fedha kidogo. Mwaka 1977 Ufaransa ilimpa tuzo ya heshima ya César. Alifariki Paris mwezi wa Novemba 1982. Mwaka 2002 Playtime iliyosafishwa upya ilionyeshwa Cannes, na leo wengi wanaihesabu kati ya filamu kubwa za karne iliyopita.

Je, alikuwa mkaidi? Ndiyo, na ukaidi huo uliwaumiza pia waliofanya kazi naye na waliomkopesha. Lakini naona alichokitetea. Angeweza kuweka kamera mbele ya uso wa Hulot na kutuambia tucheke wapi. Alikataa. Aliipanua picha, akaweka vichekesho vitatu au vinne kwa wakati mmoja, akatuacha tuchague wenyewe. Ofisi aliyoichora humwamuru mtu ageukie wapi na asimame lini. Filamu yake haimwamuru mtazamaji hata kidogo. Wengi wetu, tukimaliza masomo, tutaketi nyuma ya meza na watu watatungoja ushorobani. Ni vizuri tumjue Tati kabla ya siku hiyo, ili tukisikia viatu vyetu wenyewe vikilia sakafuni, tukumbuke kwamba kuna mtu amekaa mwisho wa ushoroba, ameshasimama mara moja akaambiwa akae.